Mwalimu wa Nambari Isiyogawanyika

Asubuhi ile niliondoka Chaka bila mpango wowote. Kwangu hilo si jambo geni. Naamka, naona nguo zangu zote zinaenea kwenye mfuko mmoja, basi naondoka. Baridi ya mlima ilikuwa bado imelala barabarani, na mwenye bucha niliyekuwa nikimsaidia kuchoma nyama siku za soko alikuwa nje akipasua kuni.

"Unaenda wapi na hiyo mfuko?"

"Bado sijui."

"Ati hujui! Mtu mzima hivi, na miguu ndiyo inakuambia mahali ya kwenda?"

"Leo ndiyo."

"Haya, isikupeleke kwa polisi," akasema, akarudi kwa kuni zake.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nakimbia simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Juma hilo mvua ilikuwa imetufungia ndani, na mimi nikifungiwa ndani huchezea hesabu kwenye simu. Naandika moja saba, zimepangana mstari mmoja, 1,111,111, kisha naigawanya nambari hiyo kwa chochote kinachonijia. Ni tabia ya tangu shuleni, kama wengine wanavyouma kucha. Daima kuna baki. Siku ile niligawanya kwa mia mbili thelathini na tisa, na hakukuwa na baki. Ilitoka elfu nne mia sita arobaini na tisa, kamili, bila kichembe. Nilirudia nikidhani kidole kimeteleza. Kisha nikailaza simu kifudifudi juu ya kitanda.

Mtu angedhani nilifurahi. Niliona aibu, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha akamkuta mzee akivaa suruali. Maana nambari ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mwalimu, na Mwalimu alikuwa ametuambia, sisi na waliotufuata, kwamba haigawanyiki.

Alitufundisha hesabu katika shule ya msingi karibu na Wamagana, pale ambapo mteremko ni mkali hata ukiangusha kalamu unaifuata kwenye kahawa ya watu. Alivaa koti moja la kijivu ambalo mifuko yake ilikuwa imejaa vumbi la chaki, na alipopigapiga koti hilo aliingia ndani ya wingu lake mwenyewe akikohoa. Hakuwahi kumpiga mtoto kwa kukosa jibu. Alichukia kitu kimoja tu, mtoto kuficha baki. "Msiniletee jibu," alikuwa akisema, "jibu liko nyuma ya kitabu. Mniletee baki. Baki ndiyo inaonyesha kama mtu amefanya kazi."

Nje ya darasa hakuwa na salamu za kawaida. Alikuuliza umri wako, halafu akakuambia umri huo unagawanyika vipi. Mama mmoja wa duka alimwambia ana miaka arobaini na nane, akasimamishwa hapo kaunta akihesabiwa vigawanyo hadi wateja wakaanza kunung'unika. Umri usiogawanyika ulimfurahisha kuliko kitu chochote. Vitabuni wanaziita nambari hizo tasa, yeye akakataa neno hilo. Alisema tasa ni tusi linalotupiwa wanawake, na nambari haijamkosea mtu. Aliziita ngumu.

Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nikimwona kwa mbali siku za soko, na kila mara nilijificha. Nilijificha nyuma ya magunia ya kabichi, nyuma ya punda, wakati mmoja ndani ya kibanda cha kinyozi ambapo ilinibidi ninyolewe ili nisifukuzwe. Mtu aliyeacha shule huona aibu mbele ya mwalimu wake hata mwalimu asiposema neno. Mara moja tu alinipata, nimebeba gunia begani na siwezi kukimbia.

"Miaka mingapi sasa?" akauliza.

"Thelathini na saba, Mwalimu."

"Vizuri sana! Mwaka huu hakuna mtu wa kukugawanya. Mwakani ujihadhari."

Akaenda zake. Hakuuliza ninafanya kazi gani, na hakuuliza jina langu. Nilisimama na lile gunia, nisijue kama amenitambua au anawaambia watu wote hivyo.

Nambari yenyewe aliileta darasani kama mtu anayeleta mgeni. Aliiandika ubaoni, moja saba, akarudi nyuma kuitazama. Kisha akaizidisha kwa yenyewe na kutuonyesha kilichotoka: 1,234,567,654,321. Tuliisoma kwa sauti, tukipanda kutoka moja hadi saba na kushuka tena hadi moja. "Hapo mmepanda Mlima Kenya na kurudi," alisema, "na hakuna aliyelowa."

Halafu tukaanza kuigawanya. Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja. Kwa tano, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kila mara ikabaki moja. Darasa lilianza kucheka. Tukifika mwisho wa kila hesabu tulikuwa tunapiga kelele "Moja!" kabla hajaandika. Kwa kumi na saba ikabaki nane na tukazomea kana kwamba mtu ametudanganya. Lakini ile moja ya kwanza ilinikaa kichwani. Niliiona kama mtoto ambaye timu zimepangwa na yeye akabaki nje, kila timu, kila siku.

Mwalimu alieleza kwamba hatuhitaji kujaribu nambari zote. Kinachogawanya huwa na mwenzake, kikubwa hiki kidogo kile, kwa hivyo ukizijaribu zile ngumu hadi juu kidogo ya elfu moja na usipate kitu, umemaliza, hakuna kitu. Nilielewa, na bado naelewa. Ni kati ya mambo machache ambayo nimeyabeba kutoka shuleni hadi leo bila kuyapoteza njiani.

Sasa niseme kuhusu saba, kwa sababu bila hiyo Mwalimu hajulikani.

Kwa watu wetu wa zamani saba ilikuwa nambari ya viapo na laana. Mwalimu alilicheka jambo hilo waziwazi. "Saba ni nambari kama jirani zake," alituambia. "Inakaa kati ya sita na nane, haijawahi kumuuma mtu." Aliitamka ubaoni mara mia. Lakini ikiwa anahesabu watu, watu wenye pumzi, midomo yake ilikataa. Mama yake alikuwa amemlea hivyo: mtu wa saba hatajwi. Unamruka, unaendelea na wa nane, halafu ukimaliza unamrudia kimyakimya. Alihesabu wanakwaya kanisani hivyo. Alitupanga mstari nje ya darasa hivyo, akitugusa bega mmoja mmoja: "Tano, sita," kisha kwa anayefuata, kwa sauti ya chini, "nitakurudia," kisha "nane." Sisi hatukuona ajabu. Wengi wetu tulikuwa na nyanya aliyehesabu hivyo nyumbani.

Hadithi ya karani wa sensa ilizunguka Wamagana kwa miaka. Karani huyo alitoka upande wa magharibi, kijana mpole mwenye viatu vilivyojaa matope. Alimkuta Mwalimu langoni akamuuliza ana watoto wangapi.

"Sita na mwingine," Mwalimu akasema.

"Kwa hivyo ni saba, mzee."

"Wewe andika. Mimi nimesema sita na mwingine."

"Lakini mzee, si unafundisha hesabu?"

"Nafundisha."

"Sita na moja ni ngapi?"

Wanasema Mwalimu alimwambia kijana yule kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo swali ni ya darasa la kwanza. Mimi nafundisha la saba." Akafunga lango. Watu walicheka sana. Mkewe alisema hakula siku hiyo.

Ijumaa moja alituletea kadi alizokata kutoka kwenye maboksi ya chaki. Nambari zote ngumu hadi mia moja tisini na saba tulikuwa tumezijaribu pamoja ubaoni. Zilizobaki angezigawa kwetu, kadi kwa kadi, kila Ijumaa, twende nazo nyumbani. Tulisimama mstari kando ya ukuta. Wa kwanza alipewa 199, akafuata 211, halafu 223, 227, 229. Nyambura, aliyekuwa kulia kwangu, alipewa 233. Kisha akafika kwangu. Aliitoa kadi, akaitazama, akanigusa bega. "Nitakurudia," akasema, akaitia mfukoni mwa shati na kumpa Kariuki, aliyekuwa kushoto kwangu, 241.

Kabla hajafika mwisho wa mstari mvua ilishuka na mwalimu mkuu akamwita ofisini. Tukakimbia nyumbani. Wenzangu walishika kadi zao chini ya sweta zisilowe. Mimi sikuwa na cha kuficha.

Jumatatu tulisimama tena kutoa ripoti. Nyambura akasema, "Baki mia moja sitini na saba, Mwalimu." Mwalimu akanigusa bega, "nitakurudia," akapita. Kariuki akasema, "Baki mia moja na moja." Mstari ulipoisha Mwalimu aliuliza, "Wote mmeleta baki?" na darasa likaitika "Ndiyo!" kwa sauti moja. Mtoto mmoja akinyamaza kwenye sauti kama hiyo, nani atasikia?

Sisemi niliacha shule kwa sababu ya kadi. Kahawa ya baba haikulipwa mwaka huo na mambo mengine yalikuwepo. Lakini nilipoacha, ilikuwa rahisi. Nilikuwa na hakika kwamba Mwalimu alinitazama, akaitazama ile kadi, akaona kazi hiyo imenizidi. Nimelala katika miji mingi ya pande hizi za mlima na katika kila mji nimelala na wazo hilo.

Kadi zote zilipoisha, alitangaza. Haigawanyiki. Aliipaka rangi nyeupe kwenye ukuta wa darasa, kila moja ikiwa na urefu wa mtoto, na akaipaka tena kwenye lango lake. Ikawa neno lake. Familia zilimwita awashikie kamba wakati wa kugawa shamba, kwa kuwa alikuwa na vipimo sahihi, naye alishika kamba akapanda maua ya kuonyesha mpaka, lakini kabla ya kuondoka aliwapanga ndugu mstari na kuwaambia habari ya moja saba ambazo hakuna wa kuzitenganisha. Ndugu walitazama chini. Wengine walikuwa wameshaanza kufikiria kujenga uzio. Alijua hawasikii, na alirudi nyumbani kila mara akiwa ameinama kama aliyefanya kitu kibaya, na akiitwa tena alienda.

Basi mtu kama huyo, unamwambiaje?

Sikuwa na mpango wa kumwambia. Niliapa hivyo nikitembea kutoka Chaka. Lakini kule kwenye njia panda pikapu ya kubeba maziwa ilisimama, dereva akasema anarudi Mukurweini na mitungi mitupu, na mimi nilikuwa nimesikia kwamba Mwalimu, baada ya kufiwa na mkewe, alihamia kwa binti yake huko huko. Nilipanda nyuma nikakaa kati ya mitungi. Ilikuwa inagongana njia nzima, na kila ilipogongana nilijiambia nitashuka Nyeri. Sikushuka.

Mukurweini sikuwa nimewahi kukanyaga. Vijana wa boda boda walikuwa wameegesha chini ya mti wa parachichi, nikawauliza kama wanamjua mzee mmoja mwalimu wa hesabu.

"Yule wa kuuliza watu miaka?" mmoja akasema. "Tunamjua! Aliniambia ati mimi ni mbili mara kumi na moja."

"Mimi akaniambia ni mgumu," mwingine akasema kwa majivuno.

"Wewe ni mgumu kulipa deni," wa kwanza akasema, wakacheka, na yule mgumu akanipeleka.

Lango la binti yake lilikuwa la mabati, halina kitu kilichoandikwa. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya kreti karibu na zizi la ng'ombe, akimenya maharagwe kwenye karai. Koti lilikuwa lile lile, ila halikuwa na chaki. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Nilimsalimia, akauliza mimi ni nani.

"Nilikuwa mwanafunzi wako, Mwalimu. Kule Wamagana."

"Wamagana," alisema, na akainamia karai. "Huko watu ni wengi."

"Nilikuwa nasimama kati ya Nyambura na Kariuki."

Mikono ikaacha kumenya. Nilingoja aniulize umri.

"Mia mbili thelathini na tatu," akasema taratibu, "baki mia moja sitini na saba. Mia mbili arobaini na moja, baki mia moja na moja." Kisha akauliza, "Na katikati?"

Nilitazama miguu yangu. Ilikuwa na matope ya wilaya nzima. "Katikati sikujua kuna nini, Mwalimu. Hadi juzi."

"Umeijua na simu?"

"Ndiyo."

"Mimi pia. Mjukuu alikuwa ananifunza kutumia. Nikaona niijaribu na kitu ninachokijua." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika popote. "Huko Wamagana sirudi tena. Watu wananisalimia na hiyo nambari. Nilituma mtu aende kuifuta kwa ile ukuta, akarudi kuniambia ati watoto wanaipenda. Sasa wanapita hapo kila asubuhi wakisoma uongo wangu."

"Ni kosa tu, Mwalimu. Mvua ilinyesha, ukaitwa."

"Usinifichie baki," akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia sauti ya darasani. "Mvua ilinyesha Ijumaa. Jumatatu ilikuwa jua. Nilikuruka tena."

Ng'ombe alikuwa akitafuna. Sikujua kama niseme, lakini nilikuwa nimelibeba jambo hilo kutoka mbali. "Mimi nilidhani uliniona sitaweza."

Alinyanyua uso. Nilitamani asingenyanyua.

"Sikukuona kabisa," alisema. "Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Nikifika hapo mahali, ni mama yangu alikuwa anaongea. Mimi na digrii ya ualimu kwa ukuta, na mama yangu kwa mdomo." Aliokota haragwe, akalitupa tena ndani. "Na si wewe peke yako. Kila mwaka kulikuwa na mstari. Kila mstari ulikuwa na mtu pale. Nimeketi hapa nikijaribu kukumbuka nyuso zao, na siwezi. Ninakumbuka tu wale wa kando yao."

Hapo nilikaa chini kando ya karai nikaanza kumenya pamoja naye, kwa kuwa sikuweza kusimama wala kuondoka. Nilikuwa nimekuja na aibu yangu na ile ya kumletea habari mbaya, na sasa nilikuwa na ya tatu, ya kumwona mzee akiniomba msamaha bila kulitaja neno. Tulimenya. Baada ya muda alichukua kipande cha mkaa, akanionyesha ubao wa zizi. "Ifanye kwa mkono," akasema. "Simu haitoshi."

Niliigawanya 1,111,111 kwa 239 kwenye ubao ule, polepole, nikisahau na kufuta kwa kiganja. Alifuata kwa kidole kwa sababu ya macho. Nilipoandika sifuri ya mwisho aliigusa, ikabaki nyeusi kwenye ncha ya kidole chake.

Jioni binti yake, mama mwenye sauti kubwa na haraka, alinikuta bado nipo. "Huyu analala hapa?" aliuliza. "Kuna kitanda kwa chumba cha ndizi, kama haogopi harufu." Nilisema siogopi. Alinionyesha: mikungu imening'inia hadi karibu na mto wa kitanda, ya kijani na ya manjano, na dirisha dogo linalotazama bonde. Niliweka mfuko wangu chini. Nilishangaa kuona jinsi ulivyo mdogo.

Katika nyumba ile kuna desturi. Majirani huingia wakati wa chakula bila taarifa, kwa hivyo kabla ya kupakua Mwalimu huhesabu watu walioko, akiwagusa bega, ili binti yake ajue. Alisimama nyuma yetu mezani. Alijigusa kifua, "moja." Binti yake, mbili. Mkwe wake, tatu. Wajukuu, nne, tano, sita.

Mkono ukafika begani kwangu, ukakaa. Binti yake alikuwa ameinua mwiko na hakuushusha. Alijua kinachofuata, na watoto walijua, na mimi nilikijua kuliko wote.

"Saba," akasema.

Mjukuu mdogo akaruka kwenye kiti. "Guka amesema! Mama, Guka amesema!"

"Nimesema," Mwalimu akajibu, bila kuuondoa mkono. "Mpe sahani. Na umtafutie blanketi ile nzito."

Niliipokea sahani kwa mikono miwili. Sikuweza kuinua macho, nikala nikiwa nimeinama.